Fundi, Chuma na Chumvi

Wapenzi wa magari ya spoti wakikutana Malindi au Kilifi, mazungumzo huanzia kwenye injini na kuishia kwenye kutu. Mmoja atasifu mlio wa Subaru Impreza yenye tabo. Mwingine atatetea Mazda MX-5, ile ya viti viwili inayofunguliwa paa. Wa tatu atashikilia kwamba hakuna lililoifikia Datsun 240Z. Kisha litaulizwa swali ambalo kila mwenye gari la namna hiyo ameshaulizwa na jamaa zake: ya nini kuliweka karibu na bahari? Naamini jibu haliko kwa dereva wala kwa mwenye fedha. Liko kwa fundi wa bodi, na sifa zangu leo ni zake.

Ulaya ya kaskazini humwaga chumvi barabarani majira ya baridi ili kuyeyusha barafu, na wengi wenye magari ya spoti huyafungia bandani mpaka majira yapite. Sisi hatuna msimu wa kujificha. Kusi ikivuma, mawimbi hupasuka miambani na upepo hubeba maji ya chumvi hadi barazani. Kaskazi ikishika zamu, huja na jua kali na vumbi. Vuka Mto Sabaki uelekee Gongoni na Kurawa, utaona mabwawa ambamo chumvi hutengenezwa kwa maji ya bahari, jua na upepo, basi. Kazi hiyohiyo hufanyika chini ya gari lililoegeshwa Watamu. Maji hukauka, chumvi hubaki, na usiku chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewani, chuma kikakosa hata saa moja ya kukauka sawasawa.

Itazame hiyo 240Z. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nayo mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akarudia ushindi huo akiwa na Lofty Drews, baada ya kulingana kwa alama na Harry Källström, naye akiendesha Datsun ya aina nyingine. Injini yake ya silinda sita, lita 2.4, ilistahimili matope, mawe na mito iliyofurika. Lakini waliokaa na gari hilo watakwambia kwamba bodi yake huliwa mapema: sakafuni, chini ya betri, kwenye kingo zilizo chini ya milango. Gari lililoishinda Safari linaweza kushindwa na upepo wa ufukweni.

Wala si rahisi kuagiza jingine. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8. Kwa hiyo gari kongwe la spoti lililoko nchini ni amana: likioza limekwenda, na anayelizuia lisiende ni yule mtu aliyelala juu ya boksi lililokunjuliwa, chini ya mwarobaini, kichwa kikiwa kimeingia uvunguni.

Fundi hodari haanzi na macho, huanza na sikio. Hugeuza bisibisi na kugonga kwa mpini wake, taratibu, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kavu. Kilicholiwa hutoa sauti butu, na hapo mkono husimama. Akiona rangi imetuna mahali padogo kama punje ya mtama, hadanganyiki kwamba ugonjwa ni mdogo kiasi hicho. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, ndiyo maana huisukuma rangi kutoka ndani. Ikionekana nje, ndani imeshakaa sana.

Hapa ndipo fundi wa kweli hutengana na mwenye haraka. Mwenye haraka hupaka puti, akapiga msasa na rangi, gari likang'aa. Masika mawili hayapiti, puti imebanduka. Fundi wa kweli hukata mpaka afike kwenye chuma cheupe, hata kama tundu litakuwa kubwa na mwenye gari atanuna. Huchonga kiraka cha bati la unene uleule, kisha hukichomelea nukta moja huku, nyingine kule, akingoja kila nukta ipoe, kwa sababu bati jembamba likipashwa moto mfululizo hupinda. Akimaliza hupaka praima na kunyunyiza oili yenye grisi kwenye mashimo ya ndani, baada ya kufunika breki na mipira isidhurike. Karibu kazi yote hiyo haitaonekana na mtu.

Subira hiyo ina asili hapa mwambao. Jahazi likipandishwa pwani hukwanguliwa, hutiwa kalfati na kupakwa sifa na shahamu, na mwenye chombo hangoji livuje ndipo amwite fundi. Mkono unaotunza bodi ya gari Kilifi unafuata adabu ileile: kuwahi.

Kuwahi huko ni pamoja na mambo madogo. MX-5 ina vijitundu vya kutolea maji nyuma ya viti, maji ya paa yapitie humo. Likiegeshwa chini ya mivinje, vijani vyembamba vya mti huo huziba njia, maji yakatuama ndani na kuozesha kingo za chini. Fundi huzibua kwa waya laini, dakika chache tu, na pengine huwa ameokoa bodi nzima.

Na atakwambia jambo ambalo wengi hulisikia kwa mshangao: liendeshe. Gari lililolala huota kutu kwenye diski za breki, betri hufa, mipira hukauka. Barabara ya kutoka Kilifi kwenda Malindi, ikipita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ni dawa kwake mwezi wowote, mradi uyajue matuta na uyakate mshazari. Anayeogopa kulitumia gari lake ili lidumu analiua polepole.

Vikombe vya Safari huandikwa majina ya madereva, na wanastahili. Lakini taasisi zetu za ufundi za kaunti zingefanya jambo la maana kumwalika fundi huyu asimame mbele ya vijana na bisibisi yake, afundishe kusikiliza chuma, kabla ujuzi huo haujaondoka naye. Nawe mwenye gari, mlipe bila kumpunja, usimharakishe. Kisha liwashe, litoe barabarani wiki hii, na ukirudi lioshe uvunguni kwa maji baridi kabla hujagusa boneti.