Tone la Lehemu Angani

Tarehe 19 Mei 1998, mamilioni ya peja nchini Marekani zilinyamaza ghafla. Madaktari waliotakiwa wodini hawakupata wito, na baadhi ya vituo vya mafuta vilishindwa kupokea malipo ya kadi. Juu kabisa, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini, setilaiti ya Galaxy IV, iliyozipelekea mawasiliano, ilikuwa imepoteza kompyuta iliyoisaidia kuikabili dunia. Uchunguzi ulipofanywa, lawama iliangukia kitu chembamba kuliko unywele: sharubu ya bati.

Bati tupu ndivyo lilivyo. Likipakwa juu ya metali nyingine na kubaki na mkazo ndani yake, huchipuza nyuzi kama sharubu, polepole, hata chombo kikiwa kimezimwa. Uzi ukifika kwenye sehemu jirani ya saketi, umeme hupita pasipotakiwa. Duniani mara nyingi uzi huo huungua kama fyuzi na mambo yakaisha. Kwenye ombwe la anga, mvuke wake unaweza kugeuka plazma inayobeba umeme mwingi ajabu, na saketi nzima ikateketea.

Kinga yake ni ya siku nyingi: risasi.

Asilimia chache tu za metali hiyo zikichanganywa na bati hufifiza uchipukaji huo. Lehemu inayopendwa na mafundi, bati sehemu 63 na risasi 37, huyeyuka kwenye nyuzijoto 183 na kuganda papo hapo, bila kupitia hali ya uji. Risasi ni sumu, na Umoja wa Ulaya ulikuwa na haki kuibana katika bidhaa za elektroniki kuanzia Julai 2006. Hata hivyo, vyombo vya anga viliachwa nje ya katazo hilo, kwa kuwa huko juu hakuna karakana.

Hapo ndipo mkono wa fundi unapostahili heshima. Husafisha kwanza, kisha hupasha moto bodi na mguu wa kijenzi kwa pamoja, ndipo agusishe waya wa lehemu. Lehemu ikikubali, hutambaa na kutandaa laini. Ikikataa, hujiviringa kama tone la maji juu ya jani la gimbi. Mkaguzi huja na hadubini. Lazima aje, maana chombo kinachozunguka karibu na dunia huingia juani na kivulini mara 16 hivi kwa siku. Bodi na vijenzi hutanuka kwa viwango tofauti, na kiungo cha lehemu ndicho kinachovutwa huku na huku hadi, kikiwa dhaifu, kipasuke.

Kulehemu huko huko angani nako kuna mitihani yake. Mwaka 2004, mwanaanga Mike Fincke aliyeyusha lehemu ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ilijikusanya ikawa bonge, na tone la flaksi, dawa inayosaidia lehemu kushika, likawa linalizunguka kwa kasi. Duniani mapovu ya flaksi hupanda na kutoka. Kule hayana juu wala chini, hivyo hunaswa ndani na kuacha matundu yanayodhoofisha kiungo.

Chombo cha anga Voyager 1 kiliondoka duniani tarehe 5 Septemba 1977. Mwaka 2024, wahandisi walipotibu hitilafu ya kumbukumbu yake, amri zao za redio zilisafiri zaidi ya saa 22 kukifikia. Chombo kiliitika, kupitia viungo ambavyo mkono wa fundi haukuvigusa tena kwa zaidi ya miaka 46.