Nani anagawa anwani? Uchunguzi wa mtandao unaokuja na kupotea

Ukiambiwa mtandao unasumbua, uliza kwanza unamsumbua nani na saa ngapi. Swali hilo lina faida kuliko kuzima ruta na kuiwasha, dawa ambayo ofisi nyingi huanza nayo na ambayo, kwa bahati mbaya, mara nyingi hufanya kazi. Nasema kwa bahati mbaya kwa sababu tatizo lililopoa bila kujulikana chanzo chake hurudi, na kuwasha upya kumeshafuta ushahidi.

Tuchukue ofisi ya mfano, tuiweke Mgori, wilayani Singida, kata inayofahamika zaidi kwa msitu wake ambao vijiji vilikabidhiwa kuusimamia miaka ya 1990. Wahasibu na masjala wana kompyuta za mezani za Windows. Wachora ramani wana kompyuta mpakato za Linux kwa ajili ya QGIS. Kuna Mac ya mtu mmoja, printa ya pamoja, na simu za kila aliyepita mlangoni. Vyote vimekutana kwenye swichi moja na ruta ya MikroTik. Pembeni kuna ruta ndogo ya Huawei inayotumia laini ya simu, iliyonunuliwa ili mtandao mkuu ukikatika kazi isilale.

Malalamiko ni kwamba asubuhi baadhi ya mashine hazishiki mtandao, na kesho yake si zilezile. Mhasibu anakunywa chai, anarudi, anakuta mtandao umekuja wenyewe. Wenye Linux wanasema Windows ndiyo mbovu, mpaka siku wanapojikuta wana intaneti lakini printa hawaioni. Katika mazingira haya virusi husingiziwa sana.

Kazi ya kugawa anwani hufanywa na utaratibu wa DHCP, uliowekwa katika waraka wa RFC 2131 wa Machi 1997 ulioandikwa na Ralph Droms. Mashine inapowaka haina anwani wala haimjui mwenye nazo, hivyo hupaza sauti kwa mtandao mzima. Seva iliyosikia hutoa pendekezo, mashine huomba ilichopendekezewa, seva huthibitisha na kutaja muda ambao anwani hiyo ni yake. Waraka hauzuii seva zaidi ya moja kujibu, na mashine nyingi huchukua pendekezo la kwanza kufika. Kwa hiyo kinachoonekana kama bahati nasibu ni mbio: anayejibu mapema ndiye anayeamua.

Basi fundi anayejua kazi yake hagusi ruta kwanza. Anagawa karatasi. Kila mtu aandike saa aliyowasha mashine, anwani aliyopata, na seva iliyompa. Kwenye Windows amri ni ipconfig /all, kwenye Linux yenye NetworkManager ni nmcli -f DHCP4 device show, kwenye Mac ni ipconfig getpacket en0, ambapo en0 ni jina la kadi ya mtandao na huweza kubadilika. Karatasi zikikusanywa, anwani zinajitenga zenyewe katika mafungu matatu. Zinazoanza na 192.168.88 zimetoka kwa MikroTik, maana hayo ndiyo masafa yake ya kiwandani. Zinazoanza na 192.168.8 ni za ruta za Huawei za laini ya simu. Zinazoanza na 169.254 hazikutolewa na yeyote: mashine imekosa jibu, ikajipa yenyewe.

Fungu la pili linatuonyesha kwamba ruta ya akiba imechomekwa kwenye swichi kwa upande wake wa ndani, nayo inagawa anwani kama mwenye nyumba. Aliyepata anwani yake anapita njia ya laini ya simu, anakula bando, na haifikii printa iliyo upande wa pili. Lakini kwa nini mashine iliyokuwa salama jana inaangukia huko leo? Mashine nyingi zikiwashwa hukumbuka anwani ya jana na kuiomba tena kwa sauti ya wote. Seva inayoona anwani hiyo haifai kwenye mtandao wake inaruhusiwa kuikataa. Huawei ikiikataa kabla MikroTik haijaikubali, mashine inatupa anwani halali na kuanza upya. Asiyezima kompyuta yake haonji adha hii, kwa sababu nusu ya muda wake ikifika, mashine huiendea moja kwa moja seva iliyoipa anwani, bila kupaza sauti. Ndiyo maana katika ofisi hiyohiyo yumo mtu anayeapa kwamba mtandao hauna tatizo lolote.

Wengi wangezima DHCP kwenye Huawei na kwenda nyumbani. Fungu la 169.254 lingebaki vilevile, kwa sababu chanzo chake ni kingine kabisa: swichi. Swichi zenye mipangilio huwa na kinga dhidi ya waya zinazojizungusha. Kwa kiwango cha zamani cha kinga hiyo, tundu likipata uhai husikiliza sekunde 15, kisha hujifunza sekunde 15 nyingine, na ndani ya nusu dakika hiyo halipitishi data ya mtu. Kompyuta inapaza sauti ukutani. Windows haisubiri sana: inajipa 169.254, kisha inaendelea kuuliza, na nyaraka za Microsoft zinataja kila baada ya dakika tano. Hapo ndipo chai ya mhasibu inapata sifa isiyostahili. NetworkManager ya Linux husubiri sekunde 45 kwa kawaida, muda unaotosha tundu kufunguka. Tofauti ambayo watu waliichukua kuwa ubora wa mfumo mmoja juu ya mwingine ni tofauti ya subira tu.

Ukweli huo una mfano mkubwa zaidi. Windows Vista ilipotoka mwaka 2007, watu walikuta haipati anwani kwenye baadhi ya ruta ambako XP ilipata bila shida. Vista ilikuwa inaomba ijibiwe kwa tangazo la wote, na ruta hizo hazikujua kujibu hivyo. Microsoft ilibidi ieleze namna ya kubadilisha tabia hiyo. Mfumo na ruta vilikuwa vizima, ila havikuelewana katika jambo dogo.

Tiba ya Mgori yetu, basi, ni mbili. Matundu ya kompyuta na printa yaelekezwe yafunguke mara moja; kwenye swichi za Cisco mpangilio huo huitwa PortFast. Usiwekwe kwenye tundu linalokwenda swichi nyingine, maana hapo kinga ina kazi. Ruta ya Huawei nayo iondolewe kwenye swichi, ichomekwe kwenye MikroTik kama njia ya pili ya kutokea, ili akiba ibaki akiba na mgawaji awe mmoja. Kama swichi inaweza kuzuia majibu ya DHCP kutoka matundu yasiyoaminika, izuie. Kesho mtu ataleta ruta nyingine kutoka dukani.

Printa ipewe anwani maalumu ndani ya MikroTik kwa kutumia namba ya kadi yake. Simu zisipewe kwa njia hiyo bila kuangalia, kwa kuwa tangu Android 10 na iOS 14 simu hutumia namba ya kubuni kwenye Wi-Fi.

Jaribio la mwisho lisifanywe mchana mashine zote zikiwa zimetulia. Zimeni kila kitu, swichi na ruta pia, kisha rudisheni umeme kwa mkupuo kama unavyorudi baada ya kukatika, na karatasi zile zigawiwe tena. Zikionyesha seva moja kwa wote, pamoja na Windows iliyokuwa ya kwanza kuwaka, fundi anaweza kudai malipo yake.