Nani Anamalizia Chakula? Meza za Wafilipino Mjini Dubai

Sisi wahakiki vijana tumezoea kukaa na riwaya na diwani, tukipekua fani upande huu na maudhui upande ule. Leo naomba ruhusa ya msomaji nihakiki sahani. Na asicheke. Doreen Fernandez (1934–2002), aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Ateneo de Manila na kuandika uhakiki wa tamthilia, ndiye huyo huyo aliyewafundisha Wafilipino kusoma chakula chao kama mtu anavyosoma kitabu. Mkusanyiko wake wa makala, Tikim, ulitoka mwaka 1994. Kama yeye aliweza kutoka ukumbi wa michezo akaingia jikoni bila kuvua miwani ya uhakiki, na sisi tujaribu.

Sahani ninazozisema ni za Dubai. Mji huo Waswahili wengi wanaujua kwa jasho lao: walinzi, wahudumu wa hoteli, wauzaji wa madukani, madereva. Kazini jirani yao mara nyingi ni Mfilipino, na jioni njaa ikiuma, mkahawa unaoshikika kwa bei huenda ukawa wake pia. Mimi nilikaa miaka miwili mtaa wa Karama, na katika miaka hiyo nilikula kwa Wafilipino mara nyingi kuliko nilivyopika. Basi ninayoyasema hapa ni ya mlaji, si ya mpishi.

Hoja yangu ni moja. Chakula cha Kifilipino hutoka jikoni kikiwa hakijaisha, tena kwa makusudi, na anayekimalizia ni mlaji mezani. Mkahawa unaolijua hilo ni mzuri hata kama viti vyake ni vya plastiki na feni inalia. Mkahawa unaomnyang'anya mlaji kazi yake umepotoka, hata sahani zake zikipendeza kama picha ya kalenda.

Tuanze na mandhari. Wafilipino wa Dubai utawakuta hasa Satwa, Karama na Deira, mitaa ya zamani yenye nyumba fupi fupi, mafundi cherehani na maduka ya simu. Satwa yenyewe ilinusurika. Mwaka 2008 sehemu yake ilibomolewa kupisha mradi mkubwa, kisha mtikisiko wa fedha duniani ukausimamisha mradi, na maisha ya mtaa yakaendelea. Huko ndiko iliko mikahawa inayoitwa turo-turo. Turo kwa Kitagalogi ni kuonyesha kwa kidole. Unaingia, unakuta trei za bati zimepangwa nyuma ya kioo: nyama, samaki, mboga, tambi. Unaonyesha: hiki, na kile, na kidogo cha kile. Hakuna menyu ya kukubabaisha. Mama ntilie wa Kariakoo angeingia humo asijione mgeni.

Anayekupakulia humwiti mhudumu. Unamwita ate, yaani dada mkubwa. Akiwa mwanamume ni kuya, kaka mkubwa. Ukipita karibu na mtu anayekula atakwambia kain na, karibu tule, nawe unashukuru na kwenda zako bila kusogeza kiti. Sisi tunaosema "dada, niongeze mchuzi" hatuhitaji mkalimani hapo. Ugeni uko kwenye ladha, na ndiko tunakokwenda.

Hebu tazama lugha ya chakula hiki kwanza, maana sisi ni watu wa lugha. Kifungua kinywa chao kikubwa ni wali uliokaangwa kwa vitunguu saumu, sinangag, pamoja na yai, itlog. Wamekata maneno hayo mawili wakayaunga: silog. Kisha kila kitoweo kinapachikwa mbele. Nyama kavu iitwayo tapa inazaa tapsilog. Soseji ya longganisa inazaa longsilog. Samaki aitwaye bangus anazaa bangsilog, na huyo bangus, msomaji wa pwani, ni mwatiko wetu. Ni utundu ule ule wa vijana wa Dar es Salaam walioiita chipsi mayai zege: neno linatengenezwa na wenye njaa, halipitii baraza lolote. Mwisho wa mlo kuna halo-halo, maana yake "changanya-changanya": barafu iliyosagwa, maharage matamu, vipande vya jeli, maziwa, na kiazi cha zambarau kiitwacho ube. Bilauri inaletwa imepangwa matabaka matabaka, na jina linakuamuru ufanye nini. Ukiila bila kuikoroga, hujaila.

Hapo ndipo hoja yangu inapopata miguu. Juu ya meza ya turo-turo kuna chupa: siki yenye pilipili na vitunguu saumu, sosi ya soya, na patis, maji ya chumvi yatokayo kwa samaki waliovundikwa. Pembeni kuna kalamansi, kandimu kadogo kama gololi. Kila mtu anachukua kisahani na kutengeneza chake. Kichovyo hicho wanakiita sawsawan. Fernandez alishikilia kwamba sawsawan inamwingiza mlaji katika upishi: mpishi amesema neno lake, sasa mlaji anajibu. Nilipolisoma hilo nilifikiria wasomaji wetu. Mara ngapi tunaandika hadithi ambayo imeshamtafunia msomaji kila kitu, tukabakisha kumfuta mdomo?

Mfano bora ni kare-kare. Ni mkia wa ng'ombe na mboga katika mchuzi mzito wa karanga. Mswahili akiuona anafurahi, karanga anazijua. Akionja anashangaa: mbona umepooa? Umepooa kwa sababu chumvi yake iko nje ya chungu, katika bagoong, uduvi uliovundikwa kwa chumvi, unaoletwa kwenye kibakuli kando. Unachota kidogo, unapaka kwenye nyama, unakula. Tonge hili kali, tonge lile pole. Watu wanne mezani wanakula kare-kare nne kutoka chungu kimoja.

Sinigang nayo ni mchuzi mchachu, mara nyingi wa ukwaju. Fernandez aliona kwamba huu ndio unaobeba ladha ya Wafilipino kuliko adobo inayosifiwa kila mahali. Sababu inaeleweka. Adobo, nyama iliyopikwa kwa siki, vitunguu saumu na pilipili manga, ina jina la Kihispania. Mhispania aliyetunga kamusi ya Kitagalogi mwaka 1613 alikuta wenyeji wana upishi wao, akaubandika jina la kwao. Wahispania walitawala kuanzia 1565 hadi 1898, wakaja Wamarekani hadi 1946. Tambi zilikuwa zimeletwa na Wachina. Wafilipino walipokea vyote na kuvitia uchachu. Ndiyo maana anayesema chakula hiki "hakina asili" anafanya kosa lile lile la anayekiona Kiswahili si lugha ya Kiafrika kwa kuwa kina maneno ya Kiarabu.

Dubai imekipa chakula hiki mtihani mwingine. Nguruwe, anayependwa sana kwao, mjini humo anauzwa kwa kibali, na mikahawa mingi ya bei nafuu haimpiki kabisa. (Mwislamu aulize kabla ya kunyoosha kidole, si vibaya.) Chukua sisig, chakula cha jimbo la Pampanga, ambacho Lucia Cunanan wa mji wa Angeles alikipa umaarufu katika miaka ya 1970: kichwa cha nguruwe kilichochomwa, kikakatwa vipande vidogo na kuletwa kwenye sahani ya chuma inayochemka. Karama wanakipika kwa kuku au kwa mwatiko. Je, bado ni sisig? Mimi nasema ndiyo. Chuma kinalia vile vile, vitunguu na pilipili vipo, na kalamansi unaikamua mwenyewe juu yake mvuke ukikupiga usoni. Kitoweo kimebadilika, nafasi ya mlaji imebaki.

Sasa niyataje maduka makubwa. Jollibee, iliyoanza kama duka la aiskrimu la Tony Tan Caktiong mwaka 1975, ilifungua mlango Dubai Mall mwaka 2015. Kuku wao wa kukaanga ni mzuri, ngozi inavunjika kama biskuti. Spageti yao ni tamu kwa sukari na ina vipande vya soseji, mimi imenishinda. Kwa kipimo changu chakula hiki kimefungwa: kila mlo umepimwa, na sosi imeshaamuliwa. Lakini nimewaona wanaopanga foleni pale siku ya mshahara. Mtu aliyemwacha mwanawe Cebu anataka spageti ile ile anayokula mwanawe, isipungue sukari wala soseji. Kwake huyo kutobadilika ndiko utamu, na mhakiki asimsimange.

Siwezi kuwa mpole hivyo kwa mkahawa mmoja wa gharama upande wa Marina. Jina lake nalificha. Kare-kare ililetwa katika bakuli jeusi, bagoong imekwisha kukorogewa humo humo, juu yake majani mawili ya mapambo. Ilikuwa tamu, sitasema uongo. Niliomba siki na pilipili kwa ajili ya samaki. Mhudumu, Mfilipino wa makamo, aliinama akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mpishi hapendi chakula chake kiongezwe kitu. Aliniita sir mara nne katika sentensi mbili. Baada ya dakika chache alipita tena, akaacha kibakuli nyuma ya glasi yangu bila kusema neno. Ilikuwa siki, ya chakula cha wafanyakazi.

Kwa hiyo sawsawan ilikuwepo. Ilikuwa imefichwa nyuma, kwa wale wanaoijua, na mbele ya wageni ikaonekana kama aibu.

Kuna watakaonijibu: unataka Mfilipino abaki na viti vya plastiki milele? Kwa nini chakula cha Mwitaliano kilipiwe pesa nyingi na chake kiitwe "cha kushibisha"? Swali ni la haki. Mwaka 2022 Kasama ya Chicago ilikuwa mkahawa wa kwanza wa Kifilipino kupata nyota ya Michelin, na mwaka huo huo Michelin ilitoa mwongozo wake wa kwanza wa Dubai. Nani asiyefurahi mtu akilipwa anachostahili? Ugomvi wangu hauko kwenye bei. Chupa ya siki haipunguzi heshima ya kitambaa cheupe. Mwenye mkahawa aweke vyote viwili, atoze anavyotaka, nami nitalipa nikiwa nazo.

Wala sisemi mikahawa midogo ni mitakatifu. Ina makosa, tena ya wazi. Trei zinakaa mpaka mafuta yanaganda juu. Sinigang nyingine inachachushwa kwa unga wa pakiti, nao una ukali wa aina moja tangu kijiko cha kwanza hadi cha mwisho, hauna utamu wa mbali ule wa ukwaju. Siki ikimwagwa juu ya mchuzi wa namna hiyo inaongeza kelele tu. Mlaji hawezi kumalizia kitu ambacho mpishi hakukianza sawasawa. Hilo nalo liandikwe.

Lakini fikirini ni nani anakaa kwenye viti vile saa nne usiku. Ni dada aliyesimama saa kumi dukani akitabasamu kwa amri. Ni kaka aliyevaa sare aliyochaguliwa, akala mchana chakula alichopangiwa, na anayelala kitanda cha juu katika chumba cha watu sita. Kutwa nzima hakuna aliyemuuliza anapenda nini. Sasa ana kisahani mbele yake. Anamimina siki, anaponda pilipili kwa mgongo wa kijiko, anaonja kwa ncha ya kidole, anakunja uso, anaongeza kalamansi. Uamuzi huo ni wake. Mpishi anayeuondoa mezani kwa jina la usanii ajue anauondoa kwa nani.

Basi kwa msomaji atakayefika Dubai: nenda Satwa au Karama mapema jioni, trei zikiwa bado na moshi. Omba kare-kare na bagoong kando, sinigang ya ukwaju ukiihakikishia kwa ate kwamba si ya pakiti, na halo-halo ya watu wawili. Chupa zikikosekana mezani, ziulizie kwa sauti. Na mwenye hoja tofauti na hii, kurasa za jarida hili ziko wazi; aandike, tubishane.