Bahasha Iliyoondoka Bila Barua

Mwaka juzi alikuja mtu nyumbani kwa nyanya, Likoni, akauliza kama tuna bahasha za zamani. Barua hakuziuliza. Alikuwa ameelekezwa na jirani kwamba babu alikuwa baharia na kuna sanduku limebaki. Nyanya akalitoa. Yule bwana akakaa mkekani, akavaa miwani, akaanza kuchambua kama mtu anayechagua mchele. Kila bahasha aliichomoa barua yake taratibu, kwa heshima hata, akaiweka kando, kisha akaigeuza bahasha kwenye mwanga auone muhuri wa posta. Alizitaka kumi na moja.

"Na hizi?" nyanya akauliza, akionyesha lile rundo la karatasi.

"Hizo kaa nazo, bi mkubwa. Hazina soko."

Alilipa elfu tatu na mia tano. Ilikuwa wiki ya deni la maji, kwa hivyo sitajifanya hapa kwamba tulipinga.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma maandishi ya watu wa aina yake: katalogi za stempu, matangazo ya minada, makala za wakusanyaji wa barua zilizosafiri baharini. Nilianza kwa hasira, nikaendelea kwa sababu mambo yenyewe ni matamu. Lakini nina ugomvi nao, na ni ugomvi wa kifasihi. Wamejenga elimu kubwa juu ya barua, na ndani yake ujumbe wa barua ni kama pamba ya kujazia mto.

Anza na wale wanaotafuta barua za enzi ya Wahispania, kwa maana hao ndio wanaoheshimiwa sana katika uwanja huu. Merikebu za Manila zilivuka Pasifiki kwenda Acapulco tangu 1565 hadi 1815. Mwaka 1764 mfalme wa Hispania alianzisha posta rasmi ya baharini, yenye bandari yake kuu La Coruña, ya kupeleka barua makoloni ya Amerika. Hispania haikuwa na stempu mpaka 1850, na kwa muda mrefu bahasha nayo haikuwa jambo la kawaida. Mtu aliandika karatasi yake, akaikunja mara kadhaa, akaandika jina la mpokeaji kwa nje, akaifunga kwa nta. Posta ikagonga muhuri juu yake. Barua na bahasha zilikuwa karatasi moja! Hata mkusanyaji asiyejali hata chembe kilichoandikwa ndani alilazimika kukihifadhi. Huwezi kuuza mgongo ukabaki na tumbo.

Sisi huku Hispania hatukuiona kwa jina lake, ila kivuli chake tunacho. Ngome ya Mombasa ilipoanza kujengwa 1593, Ureno ilikuwa chini ya mfalme wa Hispania, Filipo, na ikabaki chini ya taji hilo tangu 1580 hadi 1640. Amri zilitoka Ulaya kwa merikebu hadi Goa, na Goa ndiyo iliyotawala mwambao huu. Kwa kuwa merikebu huzama, barua muhimu ziliandikwa nakala kadhaa, kila nakala ikapakiwa chombo chake. Na majalada ya barua hizo yalipewa jina ambalo mtu yeyote wa pwani angeliona la haki: Livros das Monções, yaani Vitabu vya Pepo za Msimu. Karani wa Goa alijua kwamba barua haiendi kwa amri ya mfalme. Inakwenda kaskazi ikivuma au kusi ikivuma.

Sasa njoo Mombasa ya stempu. Kampuni ya Waingereza iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 ilihitaji posta. Mei 1890 ikachukua stempu za Uingereza zenye kichwa cha Malkia Victoria, ikazipiga chapa ya jina lake na thamani mpya kwa ana, kwa sababu pesa iliyotembea hapa ilikuwa rupia ya Kihindi. Mwezi Oktoba wakaleta stempu zao wenyewe, zenye jua na taji. Zilipopungua za thamani fulani mwaka 1891, maofisa wa Mombasa wakachukua zilizokuwepo, wakafuta thamani ya zamani, wakaweka mpya, na pembeni wakatia kwa kalamu herufi za majina yao. A.D. ni Andrew Dick. A.B. ni Archibald Brown. Hizi ndizo wakusanyaji wanazolilia, na kwa kuwa wino wa kalamu huigizwa kirahisi, mnunuzi hataki kusikia hadithi, anataka cheti cha mtaalamu.

Nakiri hapa wamenishinda. Ninapoiona picha ya stempu ile namwona mtu ofisini, jasho, meli ya posta inakaribia kuondoka, stempu za nusu ana zimekwisha, naye anaamua kutumia kalamu. Ni hadithi nzima katika eneo dogo kuliko ukucha wa dole gumba. Anayesema wakusanyaji hawana mawazo hajawasoma.

Lakini tazama wanavyoandika. Maelezo ya bahasha kwenye mnada yatakwambia rangi ya muhuri, tarehe ya Aden, tarehe ya kufika, kona iliyokunjika, kama stempu imegusa ukingo. Nani alimwandikia nani, na alitaka nini, kimya. Na kimya hicho kina upande. Bahasha nyingi za Mombasa za miaka hiyo ninazoziona zikitajwa ni za wamishonari, maofisa na wafanyabiashara, waliokuwa na sababu ya kupita posta. Mwenye duka wa Mji wa Kale aliyekuwa na ndugu Lamu au Pemba hakuhitaji stempu. Alikwenda pwani, akamtafuta nahodha anayemjua, akampa mkononi. Barua ile haikugongwa muhuri wowote. Kwa hesabu ya katalogi haikusafiri.

Zipo zilizookoka, na kuokoka kwake kunachekesha na kuudhi. Barua za Kiswahili za kale kabisa tunazozijua ziliandikwa Kilwa mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Leo ziko kwenye nyaraka za Goa. Miaka 13 tu kabla yake, mwaka 1698, Wareno walikuwa wameipoteza Ngome ya Mombasa kwa Waomani. Yaani lugha yetu iliyoandikwa tunaiona mapema hivyo kwa sababu mkoloni aliyekwisha kushindwa huku aliendelea kutunza makaratasi kule. Waliozipokea hizo hizo kwa upande wetu walizifanya nini? Tuliofungia maandazi karatasi za shule tunajua jibu.

Mwaka 1994 Sheikh Yahya Ali Omar, mwanachuoni wa Mombasa, pamoja na P. J. L. Frankl walichapisha uchunguzi wa ukurasa mmoja tu wa barua hizo. Ukurasa mmoja! Huo ndio ukusanyaji ninaouheshimu. Linganisha na Büttner, Mjerumani aliyechapisha mwaka 1892 kitabu kizima cha maandishi ya Waswahili kwa herufi za Kiarabu, barua zikiwemo. Kazi kubwa, na mtafiti yeyote atamshukuru. Ila kilikuwa kitabu cha kufundishia kwenye chuo cha Berlin, wakati Ujerumani inahitaji watu wa kuutawala mwambao wa Tanganyika. Barua ya mtu ikageuzwa zoezi: soma, tafsiri, nenda kazini. Aliyeiandika hakuwa na habari kwamba anafundisha.

Ugomvi wangu hasa ni huu. Barua bora za baharini za mwambao huu tunazo, zimechapishwa, zinafundishwa, na hakuna anayeziita barua. Tunaziita mashairi.

Karibu na 1812 Mazrui wa Mombasa, wakishirikiana na Pate, walipigana na Lamu, wakashindwa pale Shela. Vita hivyo huitwa Vita vya Kuduhu. Kabla na baada ya mapigano, miji hii ilipelekeana mashairi. Upande wa Lamu alikuwepo Bwana Zahidi Mngumi, kiongozi na mshairi. Mombasa ilikuwa na Muyaka bin Haji. Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff waliyakusanya mashairi hayo katika Mashairi ya Vita vya Kuduhu, kitabu cha 1995. Ni kitabu kizuri na kigumu kupatikana. Wahariri wanasisitiza kwamba hayo ni mashairi ya kujibizana, na wana haki. Ningependa tu mtu aende hatua moja mbele aulize swali la mwenye katalogi: yalisafiri vipi?

Nilipokutana na Muyaka mara ya kwanza ilikuwa darasani, mwaka wa pili, kabla sijaacha chuo. Tulipewa fotokopi. Tukahesabu mizani, tukatafuta vina vya kati na vya mwisho, tukaandika "dhamira". Hakuna aliyetaja bahari. Ungedhani Muyaka na Zahidi walikaa meza moja. Kumbe kati yao kulikuwa na jahazi, na nahodha, na pepo. Kwenda Lamu kutoka Mombasa unataka kusi, kurudi unataka kaskazi, na kusi ikikaza katikati ya mwaka bahari huchafuka, vyombo vidogo vikavutwa nchi kavu. Tusi lako linaweza kukaa majuma likingoja upepo. Na jibu likichelewa, mji mzima unaanza kusema umeshindwa kujibu.

Sasa fikiria karatasi hiyo mkononi mwa mjumbe. Anaweza kuifungua. Anaweza kuongeza neno, kupunguza neno, kuipoteza kabisa. Mshairi anajilinda vipi? Kwanza kwa vina na mizani. Ukigusa mshororo mmoja wa shairi lililopimwa nane kwa nane, mpokeaji atasikia kiguu kinachechemea. Hiyo ndiyo nta yake. Karatasi ikilowa maji ya chumvi, aliyelihifadhi kichwani anaweza kulifikisha lilivyo. Pili kwa fumbo. Muyaka anasifiwa kwa mafumbo kana kwamba ni madoido ya fundi. Mimi nayaona mafumbo yale ni bahasha. Jahazi litapita mikono mingi, na shairi litasomwa barazani na marafiki na majasusi. Anayestahili kuelewa ataelewa, wengine wataona ni habari ya chombo kibovu au mnyama fulani.

Ukilisoma shairi namna hiyo, ule mgawanyo wa yule bwana wa miwani hauwezekani. Huwezi kuichomoa barua ukaondoka na bahasha, kwa sababu bahasha imeandikwa kwa maneno yale yale. Iko sawa na karatasi ya Mhispania iliyokunjwa. Na ni hasara kwetu kwamba waliomkusanya Muyaka, kuanzia Mwalimu Sikujua na Taylor karne ya 19 hadi diwani ya Hichens ya 1940, walituokolea maneno kuliko safari. Shukrani wanazo. Bila Sikujua tungekuwa na jina tu. Lakini anayefundisha Muyaka leo bila kupachika ramani na msimu ukutani anafanya kosa la mnada, kwa kinyume: ameshika barua, ametupa bahasha.

Kosa hilo nimelijua kwa mkono wangu. Baada ya yule bwana kuondoka nilimwambia nyanya nitazipanga barua za babu kwa mfuatano. Babu hakuwa mwandishi mzuri. Nyingine zimeandikwa na mwenzake wa melini, mwandiko unatofautiana. Zote zinaanza vile vile, salamu juu ya salamu, hali yangu njema sijui yako wewe, ama baada ya hayo. Kisha mabati. Mabati ya nyumba hii hii, mangapi, yamefika au bado, fundi asipewe pesa yote. Katika barua moja anauliza mtoto amepona, bila kutaja mtoto yupi. Nyanya alijifungua mara sita, wakabaki wanne.

Tarehe hakuna. Babu hakuwa na mazoea ya kuandika tarehe, wala bandari, kwani posta ingemwandikia. Ilikuwa imemwandikia, kwenye muhuri, juu ya zile bahasha kumi na moja. Durban au Karachi, kabla ya ugonjwa au baada, siwezi kusema tena. Nyanya naye anakataa kukisia. Anasema mabati yalifika mara mbili.

Bahasha moja aliiacha kwa kuwa stempu ilikuwa imebanduka na muhuri ukakatika nusu. Inasomeka "DEN" na 14, na chini yake jina la nyanya, limeandikwa vibaya, na Mtongwe. Ndani hamkuwa na barua. Nyanya anasema hiyo ndiyo iliyoleta pesa.