Sauti ya Saba

Tarumbeta isipobonyezwa kitufe hata kimoja hutoa sauti chache tu, kwa mpangilio ambao mpigaji hana uwezo wa kuubadili. Akikaza midomo, sauti inaruka juu. Akikaza zaidi inaruka tena, na kila mruko ni mfupi kuliko uliotangulia. Ya nne, ya tano na ya sita hupatana na kinanda cha kanisani bila ugomvi mkubwa. Ya saba haipatani nacho. Iko chini ya mahali pake kwa kama theluthi ya nusu-toni, ndiyo maana mpigaji aliyefundishwa vizuri huikwepa: anabonyeza kitufe cha kwanza na kuipata sauti hiyo kwa njia nyingine, ikiwa safi. Mimi nataka kuisifu hiyo inayokwepwa, pamoja na mafundi wanaojua kuitafutia nafasi ndani ya nyimbo za Krismasi.

Huku Singida nyimbo zenyewe, kwa Walutheri angalau, zililetwa na wamisionari wa Leipzig waliofika Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kisha zikaendelezwa na Wamarekani wa Sinodi ya Augustana waliopokea kazi hiyo miaka ya 1920. Kwa Wajerumani shaba ilikuwa sehemu ya ibada. Mchungaji Johannes Kuhlo, aliyefariki 1941, alitumia maisha yake kuwafundisha wapigaji waiimbishe kama kwaya: laini, bila kukwaruza, soprano, alto, tenor na besi kila moja kwenye njia yake. Nota zake alizichapa kama zilivyo kwenye kitabu cha nyimbo, ili anayepuliza na anayeimba waweze kusoma ukurasa mmoja. Vikundi vya matarumbeta vya Walutheri wa KKKT, hasa Kilimanjaro na Kagera, bado ni wajukuu wa Kuhlo, na asubuhi ya sikukuu sijui sauti inayowashinda kwa heshima.

Lakini heshima ina tabia ya kukaa kitako. Wapangaji wa jazi walipozishika nyimbo hizi waliziinua. Mwaka 1961 Stan Kenton alitoa santuri nzima ya Krismasi, sehemu kubwa ikiwa imepangwa na Ralph Carmichael, shaba zikiwa zimejazana mbele. Ukiisikiliza utagundua kwamba wimbo haujaguswa sana. Kilichobadilishwa ni kilicho chini yake.

Chukua Usiku Mtakatifu, uliosikika mara ya kwanza Oberndorf, Austria, mwaka 1818. Mwanzo wake ni so, la, so, mi, kisha yaleyale tena, na kwa vipimo vinne vya mapigo matatu hakuna kinachosogea: besi amekaa kwenye do, wengine wamemzunguka. Fundi anamwacha besi hapohapo, na tarumbeta ya kwanza anaiachia wimbo kama bibi yeyote wa Kiomboi anavyoujua. Anamwita tromboni wa pili peke yake. Kipimo cha kwanza, do. Cha pili, ti. Cha tatu, ta, yaani ti iliyoshushwa nusu-toni. Cha nne, la, na cha tano anatua so wenzake wanapobadilisha. Sauti moja imeshuka ngazi, na wimbo mzima umepata mashaka kidogo halafu faraja. Hakuna aliyepiga kelele.

Ile ta ya kipimo cha tatu ndiyo sauti ya saba ya do. Kinanda kina ta yake, iliyonyooshwa. Tromboni haina vitufe, ina mkono wa kuvuta, kwa hiyo inaweza kuiweka chini kidogo, pale bomba lenyewe linapoitaka.

Hapo ndipo Singida inapoingia, tena kwa haki. Kusini mwa mkoa, Manyoni, kuna Wagogo, na mtaalamu wa muziki Gerhard Kubik alikwisha kueleza kwamba uimbaji wa Kigogo umejengwa juu ya mpangilio huuhuu wa asili, kutoka sauti ya nne hadi ya tisa. Ile ya saba wao hawaikwepi, wanaimba nayo. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki 2003, aliizungusha duniani kwa zeze na ilimba. Kwa hiyo mwanakwaya wa Manyoni akiisikia ta iliyoshushwa hashangai. Anayeshangaa ni mwalimu wa kwaya aliyejifunzia kwenye kinanda, naye ataunyoosha mkono kuisahihisha.

Kuiandika si kazi ndogo. Mshale unaoelekea chini juu ya nota hautoshi. Mpigaji atauona na bado atainyoosha kwa mazoea. Lazima apewe kwanza do, mi na so zilizosimama imara, asikie ta ikijipachika yenyewe juu ya hizo. Usimpe tarumbeta ya juu kabisa, kwa maana huko itasikika kama kosa. Na kinanda kizimwe. Sharti hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, maana siku hizi kinanda makanisani kinanguruma hata wakati wa matangazo.

Wazee watasema ni muziki wa dansi. Nusu wana haki. Tabora ni jirani, na waliokulia kwenye Tabora Jazz na Morogoro Jazz wanajua shaba ikimjibu mwimbaji kwa vipande vifupi miguu haitulii. Mimi mwenyewe nisingependa mkesha wa Krismasi usikie tromboni inayonguruma kama ya mpigaji wa bendi ya Duke Ellington, Joe Nanton, aliyefunika na kufunua kinywa cha chombo chake kwa mpira wa kuzibulia sinki uliotolewa mpini. Hiyo inafaa nje, ibada ikishakwisha, watoto wakiwa wamezunguka. Ndani inatosha ta moja iliyoshushwa.

Ikiwezekana ziwe mbili, ya pili kwenye kituo cha mwisho kabisa: besi ashike do, tarumbeta so na mi, na tromboni aachwe kwenye ta bila kurudishwa nyumbani. Mchungaji akigeuka kuuliza kama wimbo umekwisha, aambiwe ndiyo.