Kasha Lifunguliwe Kwanza

Hakuna mnunuzi wa kahawa wilayani Karagwe anayepokea gunia la maganda bila kuchota kiganja, kukitikisa karibu na sikio na kusikiliza kama punje zinacheza ndani. Mtu huyohuyo akienda Bukoba au Mwanza kutafuta kompyuta ya stesheneri yake ya Nyakakika, hutazama monita inayong'aa, husoma kibandiko cha “Core i7”, kisha hulipa. Kasha halijafunguliwa. Bisibisi ya nyota na dakika tano zingemwambia mengi kuliko muuzaji.

Kabla ya kufika hapo huwa ameshabishana na nusu ya kijiji: achukue kompyuta ya mezani iliyotoka kiwandani ikiwa kamili, au anunue prosesa, madabodi, RAM na pawa saplai, kisha fundi amuungie? Uwezekano wa kuunga umekuwepo tangu IBM ilipotoa kompyuta yake ya mwaka 1981 kwa kutumia vipande vya makampuni mbalimbali, na ukawa rahisi zaidi mwaka 1995 Intel ilipoleta vipimo vya ATX, vinavyofanya madabodi ya kampuni moja iingie kwenye kasha la kampuni nyingine. Ulaya na Marekani wanaounga wengi ni wapenzi wa gemu wanaotafuta kasi. Nyakakika swali la kwanza ni jingine kabisa: kipande kikifa, kingine kitapatikana wapi, na kitakuja na basi gani?

Kwa kazi za kuchapa barua, kusafisha picha za pasipoti, kujaza fomu mtandaoni na kutunza hesabu za chama cha msingi, jibu ni kununua iliyo tayari, tena ya mtumba kutoka ofisini. Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre ziliundwa zifanye kazi kutwa nzima, siku nenda siku rudi. Ukifungua moja utaona kazi ya kiwanda ilivyo: waya zimekatwa kwa urefu unaohitajika tu, hewa ya feni imeongozwa moja kwa moja hadi kwenye prosesa, na diski inachomoka bila bisibisi. Faida nyingine haionekani kwa macho. Zile zilizouzwa na Windows tangu toleo la 8 la mwaka 2012 kwa kawaida hubeba leseni yake ndani ya madabodi, ilhali ya kuungwa huja mikono mitupu, na fundi asiye mwaminifu huijaza Windows ya wizi.

Unadhifu huohuo una mtego. Pawa saplai ya kawaida ya ATX huungana na madabodi kwa plagi kubwa ya pini 24. OptiPlex 9020 inatumia ya pini 8, na EliteDesk 800 G1 ya pini 6. Zote ni mashine za miaka ya 2013 na 2014, na bado zimejaa madukani. Pawa saplai ya mashine hizo ikiungua, ile iliyo kwenye rafu ya fundi wa mjini Kayanga haitaingia. Mnunuzi mjanja huuliza kabla ya kutoa pesa: kipuri hiki unacho? Akiambiwa “kitaagizwa Dar”, bei ishuke au aende duka la pili.

Jina la prosesa nalo lisomwe mpaka mwisho. “Core i7” peke yake haisemi kitu, kwa sababu i7 ya mwaka 2011 inapitwa na i3 za miaka ya karibuni. Tarakimu zinazofuata kistari ndizo zenye habari: i5-4570 ni ya kizazi cha nne, i5-8500 ni ya nane. Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu, ukiondoa prosesa chache sana. Ndiyo maana ofisi za ughaibuni zinatupa mashine nyingi za kizazi cha sita na cha saba, na bei zake zinavutia. Si mbaya kwa anayekubali kuweka Linux kama Ubuntu. Asiyekubali asiziguse.

Kasha likishafunguliwa, macho yaanze na kapasita, vile vipipa vidogo vilivyosimama kwenye madabodi. Vichwa vyake viwe bapa. Kilichovimba au kuvuja majimaji ya kahawia kinamaanisha bodi inakufa polepole. Ugonjwa huo uliikumba dunia nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya OptiPlex zilizokuwa na kapasita mbovu. Nyuma ya pawa saplai za zamani kuna swichi nyekundu yenye 115 na 230. Kompyuta iliyotoka Marekani inaweza kufika ikiwa kwenye 115. Ichomeke hivyo kwenye umeme wetu wa volti 230 na mlio utasikika hadi barabarani.

Kisha iwashwe. Ikidai nywila kabla Windows haijaanza kupanda, iachwe, hata muuzaji akiapa kwamba fundi wake ataitoa kesho. Saa ikionyesha mwaka wa zamani, betri ya CR2032 imekwisha. Ni kitu cha bei ndogo, lakini ni sababu nzuri ya kupunguziwa. Programu ya CrystalDiskInfo itaonyesha diski imefanya kazi saa ngapi. Na isizimwe upesi: saa nzima ya video humfichua mgonjwa ambaye dakika tano zingempitisha.

Kuunga kunaanza kuwa na maana kazi inapokuwa nzito, kwa mfano kuhariri video za harusi na za kwaya. Hapo kasha la ofisi haliwezi kulisha kadi kubwa ya picha. Mwenye haraka ajue kwamba bei za RAM zilipaa mwishoni mwa 2025, viwanda vilipogeukia vituo vya akili mnemba, hivyo hesabu ya kabla ya hapo haifai tena.

Kazi ya fundi nayo inasomeka. Waya hazigusi feni, bati la matundu ya nyuma limewekwa (bila hilo mende na vumbi jekundu la Karagwe huingia bila hodi), RAM ni vipande viwili vinavyofanana kwenye nafasi zilizoelekezwa na kitabu cha bodi. Pawa saplai ndipo wengi wanapobana pesa, na ndipo wasipostahili kubana. Nyepesi kama kopo tupu, iliyoandikwa “500W” bila jina la kiwanda linaloeleweka, haitahimili umeme unaoyumba wala radi za ukanda huu wa Ziwa Victoria.

Kwa nyumba inayotegemea sola, mjadala wote unaishia kwenye ThinkCentre Tiny na ndugu zake, mashine ndogo zinazotumia adapta kama ya laptopu, nyingi za wati 65. Adapta ikifa, inayofanana nayo hupatikana kirahisi kuliko pawa saplai ya pini 6.

Risiti iandikwe namba za vipande, si neno “kompyuta” peke yake. Kwa iliyoungwa, kadi ya picha ichomolewe na ifungwe peke yake kabla ya kasha kupanda basi: lami ya Kyaka hadi Bugene haina shida, ila matuta ya barabara za vumbi hung'oa kadi nzito na kuivunja nafasi yake kwenye madabodi.