Umeme wa Relini Haufai Nje: Kosa la Barnstaple

Reli ndogo ya nje hufa au hupona kwa uamuzi unaofanywa kabla ya kipande cha kwanza kulazwa: nguvu ya kuendesha injini itoke wapi. Njia ni mbili. Nguvu hupitishwa relini kama umeme, injini ikauokota kwa magurudumu. Au injini huibeba yenyewe, iwe kwa springi, kwa betri au kwa boila ya mvuke. Mwezi Agosti 2009, mtangazaji James May na timu yake ya kipindi cha BBC walipojaribu kupeleka treni ya kuchezea kutoka Barnstaple hadi Bideford, kusini-magharibi mwa Uingereza, walichagua njia ya kwanza, tena kwa geji ya OO, yenye upana wa mm 16.5 tu. Waliotazama kipindi wanakumbuka kwamba treni haikufika Bideford. Haikustahili kufika.

Njia yenyewe ilichaguliwa vizuri. Ni mapito ya reli ya kweli iliyoacha kubeba abiria mwaka 1965, tambarare, yenye kona pana, kando ya maji. Wananchi waliojitolea kulaza reli nao walifanya kazi ya kusifiwa.

Tatizo lilianzia kwenye hesabu. Kutoka Barnstaple hadi Bideford ni maili 10, takriban km 16. Kila kipande cha reli kikikadiriwa kuwa na urefu wa mita 1, vinahitajika vipande 16,000, na kwa kuwa kila kipande kina pande mbili, viungio vya chuma vinafika 32,000. Kiungio cha OO ni kibati chembamba kilichokunjwa kushika kitako cha reli. Sebuleni hufanya kazi miaka mingi. Nje, umande huingia usiku, mchanga hufuata asubuhi, na uchafu mweusi hujijenga katikati ya kibati na reli. Ukiinama karibu unaona dalili zote: injini inatetemeka, taa yake inafifia, inasogea urefu wa kidole, kisha inasimama. Umeme upo kwenye betri iliyowekwa kandokando, haupiti.

Reli zenyewe nazo si nyaya nzuri. Reli nyingi za OO hutengenezwa kwa aloi ya shaba, nikeli na zinki, ambayo hupitisha umeme vibaya kuliko shaba tupu kwa zaidi ya mara 10. Dawa yake inajulikana: kulisha umeme kila baada ya mita chache na kuigawa njia katika sehemu nyingi. Lakini kila sehemu huongeza betri, waya na mtu wa kuilinda, na ikifa moja tu, treni haivuki. Mfumo wa namna hiyo hauvumilii kosa hata moja katika km 16, na nje hakuna siku isiyo na kosa.

Ndipo zikaja sarafu. Watu waliweka sarafu juu ya reli na kusababisha shoti, na wengine wakaiba vipande vya reli. Lawama zote zikaangushwa juu ya wahuni. Uhuni ulikuwepo, haukanushiki, lakini mchambuzi hana budi kuuliza kwa nini sarafu iliweza kuua treni. Jibu liko kwenye rula. Peni 1 ya Uingereza ina kipenyo cha mm 20.3 na peni 2 ina mm 25.9. Zote mbili zinatosha kuziba mm 16.5 kutoka reli hadi reli. Kwenye geji za bustanini, mm 32 au 45, hakuna sarafu ya matumizi ya kila siku ya Uingereza inayofika upande wa pili. Na kama umeme haumo relini kabisa, sarafu ni takataka ya kuondolewa kwa mkono. Konokono mwenye maji, uzi wa chuma au karatasi ya chokoleti vingeweza kufanya kazi ileile ya mhuni bila nia yoyote mbaya. Mfumo unaozimwa na peni moja haukuhujumiwa; ulijengwa ukiwa umekwisha kuharibika.

Utetezi wa kwamba OO ndiyo reli inayojulikana na watu wengi hausimami pia. Umaarufu wa kitu dukani hauongezi uwezo wake mvuani. Kwa kipimo cha OO, cha 1 kwa 76, km 16 zinakuwa zaidi ya km 1,200, karibu sawa na safari ya treni kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Mota ndogo iliyotengenezwa kuzunguka mezani iliombwa iende km 16 hizo bila kupoa, huku ikipokea umeme unaopanda na kushuka. Ikiungua, si bahati mbaya.

Kinachosikitisha zaidi ni kwamba jibu lilikuwa kwenye historia ya jina la Hornby, lililotajwa kila dakika ya kipindi. Treni za kwanza za Frank Hornby, zilizotoka mwaka 1920, zilikuwa za geji ya O, yaani mm 32, na ziliendeshwa kwa springi ya kutiwa ufunguo. Zilibeba nguvu zao tumboni. Ni baadaye, mwaka 1938, ndipo OO ilipoingia katika ukoo huo kwa jina la Hornby Dublo, nayo ilikuwa ya mezani. Katika miaka hiyo hiyo ya 1920, fundi aliyeandika kwa jina la LBSC alibishana na wakubwa wa zama zake na kuthibitisha kwamba injini ndogo yenye boila ya makaa ya mawe inaweza kumvuta mtu mzima. Mzee huyo asingepoteza hata wino kuujadili mpango wa Barnstaple. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Watetezi wa umeme wa relini hukimbilia LGB, reli ya kampuni ya Lehmann ya Nuremberg iliyoanza mwaka 1968. Kweli, LGB hupitisha umeme relini, na hufanya hivyo nje. Lakini reli yake ni ya shaba nyeupe nene, inayopitisha umeme vizuri zaidi, umeme wake hufika volti 24, na magurudumu yake ni mazito ya kusaga vumbi. Geji yake ya mm 45 imetokana na reli ya mita 1, ile iliyobeba abiria wa Kenya, Uganda na Tanzania kwa miaka mingi, ikipunguzwa mara 22.5. Zaidi ya hayo, LGB ilikusudiwa kuzunguka bustani ambayo mwenyewe anaweza kuikagua akiwa na kikombe cha chai mkononi. Haikukusudiwa kuvuka wilaya.

Ujenzi wa Barnstaple nao ulipita njia ya mkato. Reli ya bustanini huanza na mtaro, kisha kokoto ndogo zenye pembe zinazoshikana na kupitisha maji, ndipo mataruma na reli. Shaba nyeupe ya urefu wa mita 10 hurefuka kwa takriban mm 6 joto likipanda kwa nyuzi 30, kwa hiyo huachiwa nafasi ya kupumua. Ikibanwa hupinda, na gurudumu lenye ukingo mfupi wa OO ndilo la kwanza kuanguka. Mwinuko hupendelewa usizidi 1 kwa 50. Reli hufutwa kwa kitambaa, si kwa msasa, kwani mikwaruzo hugeuka makao ya uchafu; kosa hili la msasa limeshakemewa mara nyingi na bado linarudiwa.

Hata upigaji picha wa reli ya nje hutegemea treni inayotembea, nao unahitaji neno. Picha nyingi za treni ndogo hupigwa na mtu aliyesimama, na matokeo yake ni picha ya kitu kilichodondoka chini. Kamera hushushwa hadi usawa wa dereva mdogo, tundu la lenzi hubanwa hadi f/16 au zaidi ili injini na behewa la mwisho vyote vionekane wazi, na stendi hutumika kwa kuwa muda wa kupiga hurefuka. Mvuke hupigwa asubuhi ya baridi, mwanga ukitoka nyuma na kichaka cheusi kikiwa nyuma ya treni. Jani kubwa lililoanguka karibu na behewa huondolewa, maana ndilo linalofichua udogo wa treni. Treni iliyosimama kwa kukosa umeme, kwa upande wake, haina pembe inayoweza kuiokoa.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwaka 2011 timu ya May ilirudi kwenye njia ileile ya Barnstaple na treni zikafika. Lakini ushahidi mzito zaidi ulitolewa Scotland mwaka 2017, katika kipindi cha Dick Strawbridge kilichoonyeshwa na Channel 4 Januari 2018. Huko Silver Lady, injini ya mvuke ya bustanini ya geji ya mm 32, ilitoka Fort William hadi Inverness, maili 71, kupitia bonde na vilima. Reli zake zilikuwa za plastiki. Umeme usingeweza kupita humo hata kwa maombi, na haukuhitajika. Injini ilibeba maji na gesi yake, ikasimama kujazwa, ikaendelea.

Maili 71 kwa plastiki zilifika. Maili 10 kwa chuma zilishindwa mwaka 2009. Anayejenga nje na aweke nguvu ndani ya injini, kisha ashughulikie mengine.